Muhtasari wa njia umekubali, pingi zinapita, alama sipati: kosa liko wapi?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Najiandaa na mtihani wa cheti cha mitandao na kuna maabara moja ya mazoezi imenikwamisha siku ya tatu sasa. Ruta ziko tatu kwa mstari: R1, R2 na R3. R1 ina mitandao sita kwenye violesura vya Loopback (violesura vya kimantiki, visivyo na waya), kuanzia 172.16.8.0/24 hadi 172.16.13.0/24, na ruta zote zinaendesha EIGRP namba 100 (itifaki ya ruta kuambiana njia). Maelekezo yanataka R3 ione njia chache iwezekanavyo kwenda kwenye mitandao hiyo, bila kujumuisha mtandao wowote ambao R1 haina. Nimeweka muhtasari, yaani njia moja inayosimama badala ya nyingi, wa 172.16.8.0 255.255.248.0. R3 inaona njia moja, pingi zote sita (majaribio ya kuifikia mitandao hiyo) zinapita, lakini kipengele kinahesabiwa nimekosa. Halafu R1 imejitengenezea njia ya Null0 ambayo sikuiandika. Nimejaribu kuifuta, imegoma. Sehemu ya pili ni mitandao hiyo hiyo kwa OSPF, itifaki nyingine ya njia, inayogawa mtandao katika maeneo: R1 iko eneo la 1, R2 inaunganisha eneo la 1 na eneo la 0, R3 iko eneo la 0. Huko nimeandika `area 1 range` kwenye R1 na hakuna kilichobadilika. Nakosea wapi?

Jibu: Umekosea mahali pawili. Pale pa tatu, kwenye Null0, hujakosea kabisa, na nafurahi kwamba ilikataa kufutika. Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyokunyima alama.

Anwani ya IPv4 ina biti 32. Okteti (vipande vya biti nane) mbili za kwanza, 172.16, zinafanana kwa mitandao yote sita, kwa hiyo biti 16 tayari tunazo. Kazi yote iko kwenye okteti ya tatu. Iandike kwa binari, kila namba mstari wake, usiifanye kichwani:

```
 8   00001000
 9   00001001
10   00001010
11   00001011
12   00001100
13   00001101
```

Soma kutoka kushoto. Biti tano za kwanza, 00001, ni zile zile mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ya sita ndipo zinapoanza kuachana. Kumi na sita jumlisha tano ni 21, na bila shaka ndivyo ulivyoipata /21, yaani biti 21 zilizofungwa, ambayo kwa maski ndiyo 255.255.248.0. Kama swali lingekuwa ni muhtasari gani mmoja unaobeba mitandao yote sita, ungepata alama zote. Lakini zikishafungwa biti tano, zinabaki tatu, na biti tatu zina nafasi nane. Wewe una mitandao sita. Ongeza mistari miwili chini ya ile ya juu uone:

```
14   00001110
15   00001111
```

Nazo zinaanza na 00001. Maana yake R1 yako inawatangazia majirani: chochote kinachokwenda kati ya 172.16.8.0 na 172.16.15.255, nileteeni mimi. Ruta inayotangaza muhtasari inatoa ahadi kwa niaba ya kila anwani iliyomo ndani, na R1 imeahidi mitandao miwili ambayo haina.

Sasa tuigawe. Kundi la muhtasari lina masharti mawili. Idadi ya mitandao ndani yake lazima iwe 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Na namba ya kuanzia lazima igawanyike kwa idadi hiyo bila kubaki kitu. Sita si mojawapo, kwa hiyo inavunjika kuwa nne na mbili. Nane inagawanyika kwa nne, basi 8 hadi 11 ni kundi moja: 172.16.8.0/22. Kumi na mbili inagawanyika kwa mbili, basi 12 na 13 ni kundi la pili: 172.16.12.0/23. Njia mbili, mitandao sita, hakuna wa ziada. Hilo ndilo jibu ambalo maabara inalitafuta.

Sharti la pili ndilo linalowaangusha watahiniwa wengi, kwa sababu mtu anahesabu idadi na kusahau mwanzo. Chukulia ungekuwa na mitandao ya 10 hadi 13. Ni minne, na mkono unakimbilia /22. Lakini 10 haigawanyiki kwa nne. Ukiipa maski ya /22 inaangukia kwenye kundi linaloanza na 8. Minne hiyo ingehitaji /23 mbili: moja ya 10 na 11, nyingine ya 12 na 13. Ukiwa na shaka, rudi kwenye binari. Inachukua nusu dakika na haijawahi kunidanganya.

Kwenye R1, ingia kwenye kiolesura kinachoelekea R2 (namba yake yaweza kuwa tofauti kwako):

```
R1(config)# interface GigabitEthernet0/0
R1(config-if)# no ip summary-address eigrp 100 172.16.8.0 255.255.248.0
R1(config-if)# ip summary-address eigrp 100 172.16.8.0 255.255.252.0
R1(config-if)# ip summary-address eigrp 100 172.16.12.0 255.255.254.0
```

Ule mstari wa `no` usiuruke. Kuandika muhtasari mpya hakufuti wa zamani, na /21 ikibaki pale bado umekosa hata kama mingine miwili iko sahihi. Ukishabonyeza Enter, kwenye matoleo mengi ya IOS (mfumo endeshi wa ruta za Cisco) utaona ujumbe wa DUAL (hesabu ambayo EIGRP huchagulia njia) unaomtaja jirani R2 na maneno `summary configured`. Usishtuke. R1 na R2 wanasawazisha upya taarifa zao, basi.

Kuhusu pingi kupita: ulipima mitandao iliyopo, na iliyopo ilikuwa salama tangu mwanzo. Kosa lako lilikuwa kwenye mitandao isiyokuwepo, na huko hukupima. Irudishe /21 kwa muda, kisha ukiwa R3 piga pingi kwenda 172.16.14.1. Utaona `U.U.U`. Zile U ni majibu kutoka kwa ruta nyingine kwamba mahali hapo hapafikiki: pakiti imetoka R3, imepita R2, imefika hadi R1, ndipo ikafia. Nukta zilizo katikati zinatokana na ruta kujizuia isitume majibu hayo mfululizo. Sasa weka mihtasari miwili iliyo sahihi, urudie pingi ile ile. Kama R3 haina njia chaguo-msingi (ile inayotumika pasipokuwa na njia nyingine), utapata nukta tupu, `.....`, kwa sababu R3 yenyewe haina njia ya kwenda huko na pakiti haitoki mlangoni. Pingi zote mbili zimeshindwa, ila ya kwanza imesafiri mtandao mzima kwa ajili ya ahadi hewa.

Unaweza kuniuliza, sasa kuna ubaya gani kama pakiti imekufa vilevile? Niliwahi kuitwa kusaidia kwenye mtandao wa matawi ambako muhtasari mmoja ulikuwa mpana kuliko mitandao iliyokuwa nyuma ya ruta yake, kama huu wako. Baadaye tawi jipya, upande mwingine kabisa, likapewa mtandao uliokuwa ndani ya upana huo. Kila kitu kikafanya kazi, kwa sababu ruta hufuata njia yenye maski ndefu zaidi, yaani biti nyingi zaidi zilizofungwa: /24 ya tawi jipya iliishinda /21 ya ruta ile nyingine. Miezi ikapita. Siku kiungo cha lile tawi kilipokatika, /24 yake ikatoweka kwenye majedwali, na /21 ikaanza kupokea pakiti zake. Mafundi waliangalia jedwali la njia makao makuu wakaona njia ipo, hai kabisa. Wakafuatilia pakiti wakaona zinaishia kwenye ruta ambayo haihusiki na tawi hilo. Wakaanza kuichunguza ruta hiyo. Nusu siku ilikwenda kwenye kifaa kisicho na kosa, huku kiungo kilichokatika kikisubiri. Tangu siku hiyo, nikiona maelekezo yanasema bila kujumuisha mtandao usiokuwepo, siyachukulii kama mtego wa mtihani.

Sasa Null0. Kwenye R1, `show ip route` itakuonyesha mstari wa namna hii:

```
D     172.16.8.0/22 is a summary, 00:02:11, Null0
```

Null0 ni kiolesura cha kutupia. Kinachopelekwa huko hakirudi. EIGRP huiweka njia hii yenyewe kila unapotengeneza muhtasari, hata muhtasari ukiwa sahihi hadi biti ya mwisho, kwa hiyo usiione kama adhabu ya kosa. Ione kazi yake kwa mfano mmoja.

Tuseme R1 ina njia chaguo-msingi inayoelekea R2, kama ruta nyingi za pembezoni zilivyo. Kiolesura chenye 172.16.11.0/24 kimezimika. Pakiti inatoka R3 kwenda 172.16.11.5. R2 haijui habari za kuzimika. Inayo /22 tu, na /22 bado ipo kwa sababu mitandao mingine mitatu iko hai. Inaipeleka R1. R1 inatafuta /24 ya 11, haipo. Kama isingekuwa Null0, kinachobaki ni njia chaguo-msingi, nayo inaelekea R2. Pakiti inarudi R2. R2 inaangalia jedwali: /22, peleka R1. R1: chaguo-msingi, peleka R2. Zinarushiana pakiti hiyo hiyo hadi TTL yake (hesabu inayopungua kila pakiti inapopita ruta) iishe, na TTL inaweza kuanzia hadi 255. Pakiti moja inapita kwenye kiungo kimoja zaidi ya mara mia mbili. Weka watumiaji mia wanaoendelea kujaribu kuufikia mtandao uliozimika, uone kiungo hicho kitabaki na nafasi gani ya kazi nyingine.

Null0 ikiwepo, R1 inakuta /22 kwenye jedwali lake, na /22 ni ndefu kuliko /0 ya njia chaguo-msingi. Pakiti inatupwa hapo hapo, hakuna kuzunguka. Na mitandao iliyo hai haiguswi, kwa sababu /24 zake ni ndefu kuliko /22. Ndiyo maana pingi zako sita zilipita huku Null0 ikiwa pale pale kwenye jedwali.

Ukitaka kuikagua kwa karibu, andika `show ip route 172.16.8.0 255.255.252.0` kwenye R1 uangalie namba ya `distance` (njia yenye namba ndogo ndiyo inayochaguliwa). Ni 5. Njia ya kawaida ya ndani ya EIGRP ina 90 na ya nje ina 170, kwa hiyo muhtasari wa hapo hapo unazishinda zote mbili. Namba hiyo huwasumbua watu katika hali moja: ukitengeneza muhtasari wa 0.0.0.0 0.0.0.0 kwenye ruta ambayo yenyewe inapata njia yake chaguo-msingi kupitia EIGRP. Null0 yenye 5 inaipiku iliyojifunza yenye 170, na ruta inaanza kutupa pakiti zake zote za nje. Njia chaguo-msingi iliyoandikwa kwa mkono ina 1, hiyo inasalimika. Halikuhusu leo, lakini siku likikutokea utalikumbuka.

Kabla ya kwenda OSPF, fanya jaribio moja zaidi, kwa sababu maabara nyingi hukufundisha amri bila kukuonyesha faida yake. Washa `debug ip routing` kwenye R3. Kisha nenda R1 uzime kiolesura kimoja, tuseme cha 172.16.9.0. R3 inabaki kimya. Ondoa mihtasari, rudia kuzima na kuwasha, uone R3 inavyoandika kila tukio. Na nyuma ya ukimya huo kuna jambo kubwa zaidi la EIGRP. Ruta ikipoteza njia na haina mbadala ulio tayari, huwauliza majirani wote kama wanayo, nao huwauliza wa kwao, na aliyeanza hawezi kumaliza hadi kila aliyemuuliza ajibu. Asipojibiwa, kwa kawaida ndani ya dakika tatu, anamkata jirani aliyekaa kimya, na kwenye mtandao mkubwa kukatwa huko huleta maswali mengine mapya. Ukiwa na muhtasari, R1 inamuuliza R2 kuhusu 172.16.9.0/24, R2 haina kabisa /24 hiyo, inajibu papo hapo kwamba haijui. Swali limeishia hapo. R3 halijamfikia.

Kwenye intaneti yenyewe hoja ni hiyo hiyo kwa ukubwa mwingine. CIDR, utaratibu uliotutoa kwenye madaraja ya A, B na C mwaka 1993, ulikusudiwa pamoja na mengine kuziunganisha njia ili jedwali la dunia lisikue kupita kiasi. Mnamo 12 Agosti 2014 jedwali hilo lilipovuka njia 512,000, ruta za zamani zilizokuwa zimetengewa kumbukumbu ya idadi hiyo zilianza kuyumba, na huduma zikakatika sehemu mbalimbali.

Haya, OSPF. Hapa amri yako ilikuwa sahihi lakini imewekwa kwenye ruta isiyohusika. EIGRP hukuruhusu kufanya muhtasari kwenye kiolesura chochote cha ruta yoyote, kwa sababu kila ruta humwambia jirani njia inazozijua, na inaweza kuamua kuzisema kwa ufupi. Ruta za OSPF zilizo ndani ya eneo moja hufanya kazi kwa namna nyingine: zote lazima ziwe na ramani moja ya eneo hilo, herufi kwa herufi, na kila moja huchora njia zake kutoka kwenye ramani hiyo. R1 ikiruhusiwa kufupisha ndani ya eneo la 1, ramani ya R1 na ya R2 zitatofautiana, na msingi mzima umebomoka. Kwa hiyo kufupisha hufanyika mpakani tu, pale taarifa zinapotoka eneo moja kwenda lingine. Mpaka wako ni R2:

```
R2(config)# router ospf 1
R2(config-router)# area 1 range 172.16.8.0 255.255.252.0
R2(config-router)# area 1 range 172.16.12.0 255.255.254.0
```

Namba ya eneo kwenye amri ni ya eneo ambako mitandao inatoka, si inakokwenda. Mitandao yako inatoka eneo la 1, basi ni `area 1`. Wengi huandika `area 0` wakifikiri wanaielekezea R3. Ruta inaipokea amri hiyo bila kulalamika, na hakuna kinachotokea.

Kwenye R3, `show ip route ospf` sasa itaonyesha mistari miwili yenye alama `O IA`, yaani njia za OSPF kutoka eneo lingine. Kwenye R2 utaendelea kuona mitandao yote sita mmoja mmoja, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu R2 iko ndani ya eneo la 1 pia. Null0 nayo utaikuta R2 safari hii, kwa kuwa R2 ndiyo inayotoa ahadi.

Kuna kitu kingine utakachokutana nacho R2 ambacho huenda kikakuchanganya. OSPF hukitangaza kiolesura cha Loopback kama anwani moja, yaani /32, hata kama umekipa /24. Utaona 172.16.8.1/32 na si 172.16.8.0/24. Muhtasari unafanya kazi vilevile, maana /32 hiyo imo ndani ya /22. Lakini kama maelekezo yanataka R2 ione /24, ingia kwenye kila Loopback ya R1 uandike `ip ospf network point-to-point`.

Na ukikuta toleo la maabara hii ambamo R1 haijaiweka mitandao hiyo ndani ya eneo, bali imeiingiza OSPF kutoka itifaki nyingine kwa `redistribute`, hapo `area range` haitasaidia hata ikiwa R2. Njia za nje hufupishwa na ruta iliyoziingiza, kwa hiyo ungerudi R1 na kutumia `summary-address 172.16.8.0 255.255.252.0` chini ya `router ospf`, na mwenzake wa /23.

Kama maabara yako inatumia IOS ya kabla ya 15, andika pia `no auto-summary` chini ya `router eigrp 100`. Huko nyuma EIGRP ilikuwa inafupisha yenyewe kufuata madaraja ya zamani, na R3 ingeweza kupokea 172.16.0.0/16 ambayo hukuiomba.

Ukishamaliza sehemu zote mbili, rudi kwenye ile ya EIGRP, uzime kwenye R1 violesura vinne, vya 8 hadi 11, kimoja kimoja, huku ukiitazama R3. Vitatu vya kwanza vitazimika na /22 itabaki pale pale. Ukizima cha nne, /22 itaondoka, Null0 yake itaondoka R1 papo hapo, na /23 itaendelea kama kawaida.